Matanga ya Transfoma ya Egya Bentsil

Mpendwa Mshauri, Maame Baaba,

Naomba msaada wako, na kabla ya msaada naomba radhi kwa kimya changu kirefu, kwani tangu uliponishauri juu ya mbuzi wa jirani sikukuandikia hata mstari mmoja, ingawa ushauri ulifaa na mbuzi akahamishwa.

Mjomba wangu, marehemu Egya Bentsil, aliniachia mimi, mpwa wake, bendi yake ya hapa Saltpond pamoja na amplifaya ya gitaa, ile ya zamani yenye valvu za kioo zinazowaka kama balbu, na kabla ya kufariki alisema mbele ya ukoo mzima kwamba moyo wake umo ndani ya sanduku hilo, maneno ambayo mimi niliyachukua kuwa mapambo ya usemi lakini ukoo uliyachukua kama yalivyo. Majuzi, tukipiga harusini, amplifaya ilikata fyuzi, tukaweka nyingine nayo ikakatika, basi Ato, mpiga gitaa wetu, akaizungushia karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, muziki ukaendelea kwa wimbo mmoja na nusu, kisha ikatoka harufu ya lami inayoungua, na transfoma, kile chuma kizito kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawia mwili wote, ikafa.

Fundi wa Takoradi alinisukia transfoma mpya yenye vipimo vilevile, nikarudi nayo nikiwa na furaha, kumbe Ebusuapanyin Essilfie, mkuu wa ukoo wetu, alikuwa ananingoja barazani.

"Mwalimu, umebeba nini hicho?"

"Transfoma mpya, Nana," nikamjibu kwa heshima ya wazee.

"Na ya zamani mmeizika lini?"

Nilidhani ananitania. "Nana, kile ni chuma."

"Ala! Mjomba wako kasema moyo wake umo humo, leo unamwita chuma? Wewe umeona wapi mtu anakalia kiti na mwenye kiti hajazikwa?"

Dada yake, Maame Atta, akadakia: "Na hizo valvu ni wajane, msiniwashie wajane! Wataota moto wa nani?"

Basi amezifunga valvu zote kwa kitambaa cheusi, na transfoma iliyoungua ameivika nyeupe na kuilaza ndani ya friza lake la samaki, eti isiharibike. Tarehe ya mazishi imetangazwa, na Ebusuapanyin ameamuru kwamba moyo wa mwanamuziki hauzikwi bila bendi yake kupiga. Nikamweleza kwa utaratibu kwamba bendi haiwezi kupiga bila amplifaya, na amplifaya haiwezi kutengenezwa kabla ya mazishi, na mazishi hayawezi kufanyika bila bendi. Akanijibu, "Hayo ni yenu watu wa bendi. Mimi nimeshatoa tarehe."

Ato naye amechoka. "Mzee, mimi siwezi kukaa namlilia waya. Kanisa la Mankessim wana gitaa, wana amplifaya, wana na wali. Jumapili ijayo usinitafute." Mpiga ngoma amesema atamfuata, na hapo bendi ya mjomba wangu itakuwa imekwisha mikononi mwangu.

Je, niutii ukoo niipoteze bendi, au niitengeneze kwa siri nitengwe? Sijaamua lolote. Mara nitakapoamua nitakuandikia, na safari hii sitakawia.

Mwalimu J. K. Arhin
Saltpond

Mwalimu Arhin,

Pole. Nimecheka mpaka machozi, kisha nimesoma tena nikakasirika. Umefundisha watoto wa watu, halafu unamtazama Ato akiifunga fyuzi karatasi ya sigara, unanyamaza? Fyuzi ilikufa mara mbili ili kukuonya, ninyi mkaiziba mdomo.

Sasa sikiliza. Kwetu hakuna anayeonja kinywaji cha matanga kabla wafiwa hawajasimama kutaja kilichomuua marehemu. Ninyi mmepanga tarehe na hakuna aliyeuliza! Nenda kwa Ebusuapanyin ukadai uchunguzi wa maiti. Hawezi kukataa mbele ya watu. Huenda valvu moja imepiga shoti, huenda ni kapasita, kile kikopo kinachohifadhi umeme. Ukiweka transfoma mpya bila kujua, jiandae kwa matanga ya pili. Mwambie Maame Atta kwamba mmoja wa wajane wake ni mshukiwa, hivyo awafungue wote wapimwe.

Kazi aifanye fundi, si wewe, na Ato asisogee. Hata ukichomoa waya ukutani, kapasita hubaki na umeme wa kuua mtu; fundi auondoe kwanza, apime kwa mita ahakikishe umekwisha. Aijaribu transfoma mpya bila valvu, umeme upitie kwanza kwenye balbu ya kawaida: balbu ikimulika kidogo ikafifia, sawa, iking'aa moja kwa moja, muuaji bado yumo. Na fyuzi iwe fyuzi.

Kuhusu kiti, usiseme umemweka mrithi. Mwalimu mkuu akifariki, shule haifungwi, huwekwa kaimu. Transfoma mpya ni kaimu tu, imeshika nafasi ili bendi imzike mkubwa wake kwa heshima. Fanya kabla ya Jumapili. Baada ya mazishi usilitaje tena jambo hili.

Wakikuuliza kaimu atakaa mpaka lini, usibishane. Mimi pia ni mtu wa pwani hiyo, na najua Ebusuapanyin Essilfie aliwekwa kukaimu tu, mpaka kaka yake arudi kutoka Abijani. Mwulize kwa adabu kama kaka amesharudi.

Maame Baaba