Jiko la Chuma la Harusi ya Wakesho

Kaka Mwadime,

Jiko lako nimelimaliza. Najua ulizoea kusema Mwakai hajawahi kumaliza kitu isipokuwa chakula, lakini mara hii utanisamehe. Lile tangi la maji ulilolipasua katikati, likabaki limelala nyuma ya karakana siku ulipotuacha, mimi ndiye nimelisimamisha. Michoro yako ya chaki bado iko ukutani, nimeifuata, na pale ulipokosea nimekurekebisha. Miguu nimetengeneza kwa springi za lori. Mfuniko nimeufunga kwa bawaba za geti. Nondo za kuchomea nyama nimezichomelea moja moja, na mbuzi sita wazima wanalala humo bila kusukumana. Siku nilipowasha grainda ya kukatia chuma, ndovu waliokuwa mbugani wakinywa maji walihamia Taveta, na hawajarudi. Injinia mmoja wa barabara alisimama akaniuliza nimesomea wapi. Nikamwambia darasa la sita, lakini nililisoma vizuri.

Wakesho wako anaolewa Jumamosi. Wakwe wanatoka Mata, na mimi baba yake mdogo ndiye nasimama mahali pako. Tangu yule mtoto anabebwa mgongoni ulikuwa ukisema, "Siku ya Wakesho, mtaa wote utakula kwenye jiko moja." Ulikuwa unasema ukimwangalia jirani yetu Athumani, mwenye bucha. Mbuzi wa nyumba yetu hawajawahi kuchinjwa na mkono mwingine isipokuwa wake, ili jirani Mwislamu naye akae ale na sisi. Na ulipoanguka karakanani, ni huyo Athumani aliyeacha bucha wazi akakubeba mpaka barabarani.

Sasa kaa chini, kama huko mnakaa.

Ulitufundisha kwamba chuma kipya kiwashiwe moto, halafu kipakwe mafuta kingali moto, ndio kisishike kutu na nyama isigande. Hukusema mafuta gani. Shemeji wetu anayefuga nguruwe kule milimani alikuwa ameniletea debe la mafuta. Nikapaka. Kaka, liling'aa kama gari la gavana. Nikawaita watu waje waone.

Athumani akaja. Akazunguka, akapitisha kiganja kwenye nondo, akasema, "Mwakai, leo nimekuvulia kofia. Umepaka nini?" Na mimi na huu mdomo wangu, kifua mbele, nikamwambia nguruwe safi wa milimani, hakuna mafuta yanayoyashinda hayo.

Aliutoa mkono polepole. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisema tu, "Basi Jumamosi sisi tutakula wali," akaenda zake kunawa.

Shemeji akasema si neno, tuwatengenezee Waislamu jiko lao dogo pembeni. Wakesho alimkata hapo hapo. Akanigeukia akaniambia, "Baba mdogo, mzee aliyembeba baba hawezi kukaa pembeni kwenye harusi yangu. Kama ni hivyo, nyama isichomwe." Ana sauti yako yule. Mimi ambaye sikosi hadithi, nikaufunga mfuniko wa jiko nikaenda kulala.

Asubuhi nikaenda buchani. Athumani alikuwa anakata mbavu, akaniacha nimesimama mpaka nikachoka kusimama. Nikamwambia, mzee, nipe dawa yake, hata kama ni kulikata jiko lote nianze upya. Akasema, "Chuma hakina kosa. Mwenye kosa ni huo mdomo." Kumbe alikuwa ameshamuuliza mwalimu wa madrasa. Mafuta yatolewe mpaka yasibaki hata harufu, kisha jiko lioshwe kwa maji mara saba, na mara moja katika hizo maji yawe na udongo safi.

Kaka, unaijua shida ya maji hapa Voi. Mfereji wetu ulikuwa unakohoa tu. Nilikokota mitungi kwa mkokoteni mpaka punda wa watu wakanionea huruma. Kwanza nilichoma kuni kavu humo ndani mpaka chuma kikawa chekundu na mafuta yote yakaungua. Kikapoa, nikasugua kwa brashi ya waya, juu, chini, ndani ya pembe. Vile vishikio vya mbao vilivyokuwa vimekunywa mafuta nikavitupa, nikaweka vya chuma. Ndipo nikaanza kuosha. Mara ya kwanza niliyakoroga maji na udongo wetu mwekundu, jiko likawa kama kichuguu. Vijana walijitolea kunisaidia, nikawakatalia. Mkono uliopaka ndio uoshe.

Athumani alikuja nikiwa kwenye maji ya sita. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akanitazama, akanionyesha chini ya bawaba mahali nilipopasahau. Nikarudia. Ya saba alisimama, akachukua mtungi mkononi mwangu, akayamwaga mwenyewe kutoka mwanzo wa jiko mpaka mwisho. Kisha akainama akanusa, akaweka kiganja kwenye nondo, na safari hii hakukitoa. Akasema, "Jumamosi nitakuja na visu kabla ya jua. Mbuzi wawe wamefungwa, wewe uwe umeamka. Na ukiwa na mafuta, usipake. Jioni nitakuletea yangu."

Nimepaka mafuta ya kondoo, Kaka, kutoka kwa mkono wake. Linang'aa kuliko mwanzo, lakini hilo sijamwambia mtu.

Lala salama huko Wusi tulikokulaza. Jumamosi nitamshika Wakesho mkono mpaka kwa wenzake wa Mata, na nitawaambia huyu ni binti wa Mwadime, sitaongeza neno. Nyama ya kwanza ikiiva itaenda kwa Athumani, kwenye meza ya wakwe, katikati. Nakuahidi hivyo, na ahadi hii haina hadithi ndani yake.

Mdogo wako,
Mwakai