Mwewe Kwenye Njia ya Avio

Jumatatu, 3 Februari
Nimempelekea Deo chai na mihogo kwenye uwanja wa ndege, kama kila asubuhi. Wiki tatu za ndoa, na bado miguu yangu inakimbia yenyewe nikimwona. Kabla avio haijaruka yeye hufukuza mwewe: anakimbia pembeni ya njia akigonga bati kwa chuma. Mume wangu mzuri, jasho mpaka kwenye soksi. Wapakiaji wanamtania: "Bwana arusi, punguza mbio, utabakiza nini ya nyumbani?" Nimeona haya. Nimefurahi pia.

Jumatano, 5 Februari
Bunduki tangu asubuhi. Deo anasema mwewe hawashituki tena na bati. Wamezoea milio ya masasi. Sasa lazima awafikie karibu kabisa ndipo wainuke. Zamani mlinzi alipiga risasi moja hewani, wakatawanyika. Leo ukipiga moja, mji mzima unajibu.

Alhamisi, 6 Februari
Rubani ametupa kiti cha bure, zawadi ya arusi. Kwenda Beni, kwa dada yangu. Kimoja tu. Deo atafuata safari ijayo. Nimelia. Barabara zote zimefungwa, hata ya kwetu Marabo, na avio hii ndiyo peke yake inayokuja bado. Nimekubali kwa sharti: anibebee valizi mpaka mlangoni, anishike mkono mbele ya watu wote. Kwetu bibi arusi habebi mzigo wake safari ya kwanza. Ameitika. Nampenda mpaka kifua kinauma.

Jumamosi, 8 Februari
Alinibebea valizi. Hakuachia mkono wangu mpaka mota zikawaka. Nilijiona malkia. Bati lilibaki kwenye nyasi.

Avio ikashika mbio. Dirishani niliona mwewe wakiinuka, wengi, mbele yetu. Kishindo. Damu kwenye kioo. Mota ya kushoto ikakohoa, ikazima. Tulikuwa tumeinuka kidogo tu. Tukaanguka mwisho wa njia. Watu wote wazima, bawa limevunjika. Hakuna anayekwenda Beni tena.

Askari wamemkamata Deo mbele yangu. Eti adui alimlipa aache mwewe. Nikasema kosa ni langu, mimi ndiye niliyemtoa kazini. Kamanda hakunitazama hata kidogo. Deo akasema: "Rudi nyumbani, muke wangu. Weye haukufanya kitu."

Nilifanya.

Jumapili, 9 Februari
Nimepeleka chakula kasho, kule askari walikomfungia Deo. Mlinzi alipokea mlangoni, hakuniruhusu kuingia. Sahani imerudi tupu. Amekula! Nimeibusu njiani, watu wakinitazama.

Jumatatu, 10 Februari
Tupu tena. Niliweka samaki wa Tchomia, upande wa mkia anaoupenda.

Jumanne, 11 Februari
Tupu. Nimeomba nimwone dakika moja. Mlinzi akacheka, akaniuliza kesho ninapika nini.

Jumatano, 12 Februari
Mama mmoja amenivuta kando. Kaka yake amefungwa chumba kinachofuatana na cha Deo. Akaongea polepole, kama na mgonjwa.

"Binti yangu, tangu Jumamosi jioni hakuna mutu mule. Walimupakia mu kamio. Chakula yako wanakula balinzi."

Sikuuliza lori hilo lilikwenda wapi. 

Nimerudi kwa miguu. Uwanjani mwewe wamekaa katikati ya njia, hakuna wa kuwainua.

Nimetwanga majani ya mihogo, sombe ya kesho. Nitapeleka saa ile ile.