Kamba ya Kuanikia Nguo

Kyaikto, 10 Februari 1991

Mdogo wangu Zaw Tun,

Hujambo huko ng'ambo ya mpaka? Homa imekuachia? Sisi wazima, ila mama macho yamekwisha kabisa na kifua kinamsumbua.

Barua yako ilifika ndani ya gunia la uduvi. Eti unasoma habari kwenye redio ya wakimbizi kila Jumapili magharibi! Mama alilia, akacheka, akalia tena. Lakini askari wamezikomba redio mtaa mzima. Basi mume wangu Ba Hlaing, unamjua na ufundi wake, kaunda ya kwetu: waya uliozungushwa kwenye kopo la maziwa, kijiwe cha madini, sindano, na kisikizio cha simu mbovu. Haina betri wala umeme. Kinachonasa mawimbi ni kamba yetu ya nguo, maana ni waya. Sauti inakuja ndogo kama ya mbu, inapotea, inarudi. Mama ndiye mwenye kisikizio. "Nyamazeni," anatufokea, "mwanangu anasoma!"

Dada yako,
Nyo Nyo

Mae Sot, 2 Machi 1991

Dada, shikamoo,

Mimi mzima. Sikutegemea kama mngenisikia! Mwambie mama Jumapili nitakohoa kidogo kabla ya kuanza, ajue ni mimi.

Mdogo wako,
Zaw Tun

Kyaikto, 21 Aprili 1991

Mdogo wangu,

Natumai u mzima. Mimi si mzima. Ba Hlaing amechukuliwa.

Nguo mbichi zinaua sauti, kwa hiyo kila Jumapili nilizianua hata zikichuruzika maji. Jirani yetu Bi Than akanitania mbele za watu: "We Nyo Nyo, nguo zako zinaogopa Jumapili?" Mkubwa wa mtaa akasikia. Walikuja askari watano. Amefungwa miaka saba.

Sijutii. Mama alikisikia kikohozi chako, akakifurahia wiki nzima. Nakuomba kitu kimoja tu: litaje jina la Ba Hlaing redioni. Sisi hatutasikia, wasikie wengine.

Dada yako,
Nyo Nyo

Mae Sot, 30 Juni 1991

Dada, shikamoo,

Barua hii nimeichana mara nyingi. Siwezi kulitaja. Sijawahi kukanyaga kwenye redio ile. Nafua mashuka ya nyumba ya wageni. Niliona aibu, mwanafunzi wa sheria mzima, nikawadanganya. Nilikuwa nimesikia redio mmenyang'anywa, nikadhani hamtasikia kitu. Mliposema mmenisikia, nilishindwa kumvunja mama moyo. Nisamehe, dada yangu.

Zaw Tun

Kyaikto, 15 Julai 1991

Zaw Tun,

Sikusalimu. Kwa ajili ya kikohozi chako mume wangu alipanda mti wa mpopoo mvua ikinyesha, kuuinua waya ili mama asikie vizuri. Huko juu ndiko alikoonekana na kila mtu.

Kila kitu walichukua, isipokuwa kisikizio. Kilikuwa chini ya mto wa mama. Jumapili anakiweka sikioni, waya wake unaning'inia tu, haukushika popote. Ananiambia ninyamaze, nanyamaza. Jana alisema umekohoa.

Usiandike tena.

Nyo Nyo,
mke wa Ba Hlaing