Mwenye Moyo Wangu

Dada yangu mpenzi,

Sisi hatujambo, na shemeji yako amerudi kiwandani kukata vitambaa.

Kinachonichoma ni yule mama mpiga pasi wa pale kiwandani. Siku shemeji yako alipoanguka kazini, moyo ukasimama, ni yeye aliyembandika ile mashine ya kushtua moyo iliyoko ukutani. Tangu hapo mume wangu anamwita "mwenye moyo wangu", mbele ya macho yangu, na yule mama anacheka mpaka mabega yanatikisika. Jana mume wangu kamchagulia kitambaa cha bluu, kizima. Mimi, miaka kumi na tisa ya ndoa, naambulia vipande.

Nikamwambia, "Kama moyo ni wake, basi akakupikie."

Akasema taratibu, "Mke wangu, angechelewa kidogo tu, ungekuwa mjane."

Hajui, dada, na usije ukamwambia. Sanduku la mashine lilikuwa na kufuli, yule mama akalivunja kwa pasi. Kufuli hilo nililitia mimi, mtunza stoo wa kiwanda, mashine isiibiwe. Na siku ile nilisimama palepale nikipiga mayowe, ufunguo ukining'inia shingoni.

Ni mimi mdogo wako,
mwenye funguo