Kitambaa cha Mama juu ya Kabati

Jumamosi

Sauti ya droo ya lile kabati jipya ikifungwa bado ninayo masikioni, laini, kama mtu anayeshusha pumzi usingizini. Kati ya makabati yote ya vyombo kwa mafundi wa pale Ngong Road nililichagua hilo. Fundi ameshachora ndege milangoni, na juu alikuwa amalizie kwa maua ya bluu. Mchana kutwa nimekiona chumba changu cha kulia kikigeuka bustani.

Kisha Mama akapiga simu kutoka Waithaka. "Kwani kabati itakaa uchi hivyo, kama haina mwenyewe? Nimeshaanza kukufumia kitambaa."

Kitafunika maua yote. Nilikasirika. Lakini macho yake yanafifia, na ninaogopa hiki kitakuwa cha mwisho.

Nimeshampigia fundi. Ndege wabaki milangoni, juu aache mbao tupu.