Shabu Kwenye Pipa la Usoke

Jumanne, 10 Juni 2025
Mabega yanawaka, lakini pipa limejaa! Nimevuta ndoo peke yangu — vijana wa hapa wote wako kwenye tumbaku. Maji mekundu, tope tupu. Ndivyo bosi wangu, madam Advera, anavyoyataka, ya kisimani hasa. Mwaka jana maabara moja ilisema kisima hiki salama, nyingine ikasema hatari. Watu wakabaki kutazamana. Sasa maabara sita zitapewa maji ya pipa hili moja, tuone nani anajua kupima. Madam anasema ni kama kuonjesha watu mchuzi wa chungu kimoja: watano wakisema una chumvi na mmoja akakataa, ulimi wake mbovu. Nikamwambia kwetu Newala huyo haalikwi tena. Kacheka!
Kesho chupa. Ijumaa treni. Binti yangu Somoe anaolewa Jumatano na mimi ndiye walii wake, wa kumwozesha. Nikikosa treni hii sifiki. Lakini nitafika.

Jumatano, 11 Juni
Balaa! Nimefunua pipa — maji meupe kama ya mvua, tope lote limelala chini. Mama Recheli, mwenye uwanja tulipoliacha, kaja anatabasamu. Katia shabu, kama wanavyosafisha maji ya kunywa hapa. Ati tungewaaibisha mjini na tope lile.
Nikamweleza. Akashika kichwa. Halafu kwa sauti ndogo: "Koroga tu, baba. Nani atajua?"
Kweli, nani? Mwiko ulikuwa mkononi. Lakini maji yaliyokwisha safishwa hata maabara mbovu itayapatia, na watu hawa waendelee kunywa kwa kubahatisha. Nimempigia madam mwenyewe. Kelele zake! Kasema alitaka maji ya Usoke, si maji ya mama Recheli. Pipa linarudi Tabora kuoshwa. Tunaanza upya Ijumaa.
Sijuti. Asubuhi inatosha kabla ya treni.

Alhamisi, 12 Juni
Pipa bado. Kaka kapiga simu: nisipotokea asimame yeye? Nimemwambia asithubutu.

Ijumaa, 13 Juni
Pipa limechelewa, lakini limekuja. Nimevuta maji tena, safari hii na mama Recheli. Kila anayesogea anamfukuza: "Hakuna kutia kitu humu!" Huyo huyo!
Tukaanza. Mimi nakoroga, madam anajaza. Nikipumzika kidogo tu tope linashuka, na chupa za mwisho hazitafanana na za kwanza.
Nusu bado. Madam katazama jua. "Nenda, mzee Abasi. Mama atakoroga."
Nimeosha mikono. Naandika nimesimama, begi begani. Honi hiyo, upande wa Urambo! Mama Recheli anakoroga juu juu, kwa adabu, kama uji wa mgonjwa. Nimempigia kelele akoroge mpaka chini. Anasema, "Baba, si yatachafuka?"
Madam anachukua chupa nyingine.
Begi nimeliweka chini. Kidogo tu — nimwonyeshe.