Kahawa Niliyoipima Ikiwa Kavu

Wambui mjukuu wangu,

Huku Subukia tuko salama, ila goti la shosho yako bado linamsumbua, na ng'ombe mweusi amezaa. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza mota ya nguvu gani itazungusha pipa lenu la kukaushia mahindi, na kama sisi zamani tulipiga hesabu au tulikisia tu.

Tulipiga. Miaka ya hamsini, kwenye shamba la mzungu hapa, mimi ndiye niliyetumwa kupima uzito wa kahawa itakayojaza pipa la kukaushia, ili mota iagizwe. Nikapima ile iliyokuwa stoo, kwa sababu ilikuwa karibu. Ilikuwa imeshakauka.

Msimu ulipofika tukajaza kahawa iliyotoka kuoshwa, bado inachuruzika maji. Mota ikanguruma, pipa likakataa. Basi tukafanya kama tulivyozoea lori likikwama: tukaweka mabega, tukaita "Harambee!" Pipa likaanza kuzunguka ghafla. Rafiki yangu Njoroge alikuwa upande wa gia. Mengine sitaandika.

Wewe pima mzigo ukiwa na maji yake yote, na ukumbuke pipa lililosimama ni zito kulisukuma kuliko linalozunguka. Halafu uongeze, mpaka bega la mtu lisihitajike.

Njoroge hakuniuliza hata siku moja nilipima kahawa gani. Lakini miaka yote, hadi tulipomzika, tulisalimiana kwa mkono wa kushoto.

Ni mimi guka yako, ninayekuwaza.